Miche Safi ya Migomba: Mwongozo Kamili wa Kuipata kwa Msaada wa Serikali Nchini Tanzania

Ukichukua chipukizi la mgomba lililong'olewa asubuhi, ukalipara kwa kisu kikali mpaka nyama ya tunguu ionekane, utakuta weupe kama wa muhogo mbichi iwapo tunguu ni zima, au mifereji ya rangi ya kahawia iwapo fukusi, mdudu anayetoboa tunguu, amekwisha kupita. Hayo jicho linayaona. Lakini tunguu hilohilo jeupe linaweza kuwa limebeba bakteria wa mnyauko au virusi ambavyo havitajionyesha mpaka wiki au miezi kadhaa baada ya kupandwa, na siku vitakapojionyesha vitakuwa vimekwisha kusambaa kwenye migomba iliyo jirani. Kwa sababu hiyo usafi wa mche wa mgomba hauthibitishwi kwa kuutazama tu. Unathibitishwa kwa kujua ukoo wake: mama yake alitoka wapi, nani alimpima, na umepita mikononi mwa nani mpaka ukafika kwako.

Msaada mkubwa ambao serikali inampa mkulima wa matunda katika jambo hili ni kuulinda ukoo huo, kuanzia kwa mtafiti hadi kitaluni. Wakulima wengi husubiri msaada uje kwa sura ya gari la miche ya bure, kisha hukata tamaa gari lisipofika, ilhali huduma zenye thamani kubwa zaidi zipo mwaka mzima na hazitumiki kwa kuwa hakuna anayekwenda kuziomba. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziomba, kwa mpangilio ambao mkulima wa Kagera, Kigoma, Kilimanjaro, Arusha, Mbeya au Morogoro anaweza kuufuata. Nimeuandika hasa kwa ajili ya migomba, kwa kuwa ndiyo ninayoishi nayo, lakini nitagusa pia michungwa na miparachichi, ambayo kanuni yake ni ileile.

Kwa nini chipukizi la jirani si salama tena

Kule Buhaya, mkoani Kagera, kumpa mtu chipukizi ni tendo la upendo. Mwaka nilioanzisha kibanja changu cha pili, yaani shamba la migomba, shemeji yangu alikuja na machipukizi 30 ya Nshakara, aina ya ndizi ya kwetu, kwenye pikipiki, akaniambia, "Shemeji, haya ni ya mama, tumeyala tangu utoto." Niliyapanda mvua za Oktoba zilipoanza. Mwezi wa sita baada ya hapo jani la katikati la mgomba mmoja lilianza kugeuka manjano na kuning'inia kana kwamba limebabuliwa na moto. Nilikata shina, na kabla sijafuta panga ute mzito wa rangi ya manjano ulikuwa umeanza kutoka kwenye matundu ya kidonda, tone baada ya tone. Tuling'oa yote 30, na mengine 11 ya zamani yaliyokuwa karibu. Shemeji hakuwa na hatia yoyote. Kibanja chake mwenyewe kilikuwa bado cha kijani siku aliponiletea, na kilianza kunyauka wiki chache baada ya changu.

Huo ndio mnyauko wa bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaingia Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ulikuwa umekwisha kuthibitishwa wilayani Muleba. Hauna dawa ya kunyunyizia, na hakuna aina ya mgomba tunayolima ambayo haiwezi kuugua. Huenezwa kwa njia tatu kubwa: wadudu wanaotembelea ua dume, panga lisilosafishwa, na machipukizi yanayohamishwa. Njia mbili za kwanza hulisogeza tatizo hatua kwa hatua, lakini ya tatu hulivusha milima na maziwa kwa siku moja.

Kuna magonjwa mengine mawili ambayo mkulima anapaswa kuyajua kabla hajaagiza mche. La kwanza ni ugonjwa wa virusi unaoyabananisha majani kileleni, ambao miaka ya karibuni umethibitishwa mkoani Kigoma baada ya kuwapo kwa muda mrefu Burundi, Rwanda na Kongo. Mgomba ulioambukizwa ukiwa mdogo hudumaa, majani yake husimama membamba na kusongamana, na hauzai mkungu. Virusi hivyo huenezwa na vidukari weusi wa migomba, lakini virusi husafiri mbali ndani ya machipukizi. La pili ni mnyauko wa Panama, unaosababishwa na kuvu anayeishi ardhini kwa miongo kadhaa. Kuvu wa zamani huua hasa kisukari na ndizi za pombe, na huziacha ndizi nyingi za kupika za nyanda za juu. Lakini aina mpya na hatari zaidi, inayoshambulia hata ndizi za biashara za kundi la Kavendishi, iligunduliwa Msumbiji mwaka 2013. Msumbiji ni jirani yetu, na kuvu huyo husafiri kwa tunguu na kwa udongo ulioganda kwenye viatu na matairi.

Nani anafanya nini serikalini

Ni vizuri kuzijua ofisi kabla ya kuziendea, kwa sababu mkulima anayepeleka swali kwenye ofisi isiyohusika hupoteza msimu mzima. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ndiyo inayotunza na kuzalisha mimea mama na kutoa aina mpya. Kituo chake cha Maruku, karibu na Bukoba, kimebobea katika migomba. Tengeru, nje kidogo ya Arusha, hushughulikia mazao ya bustani kwa jumla. Na Mikocheni, Dar es Salaam, ni kituo cha bayoteknolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nacho ni mahali pa kuuliza.

Taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, yenye makao yake Morogoro, inafanya kazi chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003. Kazi yake ni kusajili wazalishaji, kukagua mashamba na vitalu vyao, na kuthibitisha daraja la kile wanachokiuza. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 na yenye makao Arusha, hulinda mipaka, hutoa vibali vya kuingiza mimea na hufuatilia milipuko ya visumbufu. Kwa maneno mepesi, TARI ndiye mama wa mche, TOSCI ndiye shahidi wake, na TPHPA ndiye mlinzi wa mlango. Anayekuunganisha nao wote ni bwana shamba au bibi shamba wa kata yako, pamoja na ofisi ya kilimo ya halmashauri.

Hatua ya kwanza: pima shamba lako kabla ya kutafuta mche

Mche safi ukipandwa kwenye udongo mchafu huugua upesi kuliko chipukizi la kawaida, kwa kuwa mizizi yake ni laini na haijawahi kukutana na adui yeyote. Kwa hiyo anza shambani. Mwombe afisa ugani atembee nawe kibanja chote, si kona moja, na mkate mashina yenye dalili ili muone ute au rangi iliyomo ndani. Mnyauko wa bakteria hutoa ute wa manjano na huivisha tunda kabla ya wakati, nyama yake ikiwa na madoa ya kahawia. Panama huacha mistari myekundu au ya kahawia ndani ya shina bila ute, na majani makavu huning'inia kuzunguka shina kama sketi. Pale dalili zinapochanganya, afisa achukue sampuli na kuipeleka kituo cha utafiti. Usikubali jibu la kukisia, kwa sababu matibabu ya magonjwa haya mawili hayafanani.

Iwapo shamba lina mnyauko wa bakteria, ondoeni migomba yote iliyougua na muache eneo hilo bila mgomba kwa muda usiopungua miezi 6, mkilima maharage, mahindi au viazi vitamu. Hakikisheni hakuna chipukizi la masalia linaloibuka katika kipindi hicho, maana moja tu linatosha kuufanya muda wote huo kuwa bure. Iwapo ni Panama, usirudishe kwenye eneo hilo aina inayoshambuliwa, hata kama mche umetoka kwenye maabara bora kuliko zote. Fukusi na minyoo fundo hupungua kwa kupumzisha ardhi na kung'oa visiki vya zamani.

Hatua ya pili: ingia kwenye kumbukumbu za serikali

Nenda ofisi ya kijiji au mtaa ujisajili kama mkulima, ukitaja ukubwa wa eneo na mazao yako. Mfumo wa usajili wa wakulima uliimarishwa pale ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/2023, na mkulima asiyekuwamo humo hana namna ya kuhesabiwa pembejeo za ruzuku zinapogawiwa. Ni kazi ya asubuhi moja.

Baada ya hapo andika barua fupi kwa ofisi ya kilimo ya halmashauri kupitia kwa mtendaji wa kata. Wengi huona barua ni mzigo na huishia kuomba kwa mdomo. Mimi nasisitiza iandikwe, kwa kuwa bajeti ya halmashauri hupangwa miezi mingi kabla ya fedha kutoka, na ofisa anayeandaa mpango huhesabu maombi yaliyomo kwenye jalada. Eleza idadi ya miche unayohitaji, aina unayoitaka, ukubwa wa eneo lililotayarishwa, chanzo chako cha maji na msimu unaotaka kupanda. Kama mko wakulima 20 mnaotaka jambo moja, andikeni barua moja yenye majina yote na jumla ya miche, kwa kuwa ni rahisi kwa ofisa kuagiza miche 6,000 kwa pamoja kuliko miche 300 mara 20.

Uliza wazi mambo matatu: kama kuna mradi wowote wenye miche ya ruzuku au ya bure kwa msimu ujao, kama kuna kitalu kilichokaguliwa ndani ya wilaya, na kama kijiji kina sheria ndogo kuhusu kuhamisha machipukizi. Ugawaji wa bure huja na kuondoka kulingana na bajeti na miradi, kwa hiyo usiufanye kuwa nguzo pekee ya mpango wako. Ukiupata, hoji ukoo wa miche hiyo kama ambavyo ungeihoji miche uliyoinunua. Mche wa bure wenye ugonjwa ni ghali kuliko wa kununua.

Hatua ya tatu: chagua aina na uagize mapema

Aina huchaguliwa na jikoni na soko kabla ya maabara. Nshakara na Nyoya zina wateja wake Kagera, Mchare na Mzuzu zina wateja wake Kilimanjaro na Arusha, na kisukari ina soko mijini kote. Mwaka 2021 zilitolewa pia aina chotara za TARIBAN 1 hadi 4, zilizotokana na kazi ya pamoja ya watafiti wa Tanzania, Uganda na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, ambazo huvumilia Sigatoka nyeusi, yaani ugonjwa wa madoa unaoyakausha majani. Ushauri wangu ni kuzijaribu kwa mashina machache kwanza, mpike, muonje, ndipo mpanue. Familia isipoipenda ndizi, ukinzani wake dhidi ya ugonjwa hautaibakiza shambani.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja huchukua miche 1,111, na ekari moja takriban 450. Ongeza mmoja kwa kila kumi kwa ajili ya kuziba mapengo. Kisha hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupanda. Miche ya maabara huanza kama ncha ndogo ya ukuaji iliyokatwa kutoka kwenye mgomba mama na kuwekwa ndani ya chupa yenye chakula maalumu. Huko hugawanywa tena na tena kila baada ya wiki kadhaa, kisha huoteshwa mizizi, na mwishowe hutolewa ikakaa kitaluni miezi miwili hadi mitatu ili izoee jua na upepo. Anayetaka kupanda vuli ya Oktoba anapaswa kuwa ameagiza mwanzoni mwa mwaka, na anayelenga masika ya Machi aagize kati ya Julai na Agosti. Maabara haina mche wa dharura.

Hatua ya nne: kihoji kitalu

Hapa ndipo mkulima anapaswa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Nenda mwenyewe, usitume mtu, na ufike bila haraka.

Swali la kwanza ni kuhusu mama. Uliza: mgomba mama uko wapi, ni wa kituo gani cha utafiti, na mara ya mwisho ulipimwa virusi lini? Swali hili ni la lazima hata kwa miche ya chupa, na hapa lipo kosa lililoenea sana. Watu huamini kwamba neno "maabara" maana yake ni "safi". Kuzalisha kwa chupa huondoa fukusi, minyoo na kuvu wa ardhini, lakini hakuondoi virusi kwa chenyewe; mama mwenye virusi huzaa maelfu ya watoto wenye virusi, wote wakiwa wazuri wa kutazama. Kinachoondoa hatari hiyo ni kumpima mama kabla ncha haijakatwa. Mwenye kitalu anayejua kazi yake hatakasirika ukimuuliza. Atafungua daftari na kukuonyesha.

Swali la pili ni kuhusu usajili na ukaguzi. Omba kuona cheti cha usajili na taarifa ya ukaguzi ya msimu huu, si ya miaka mitatu iliyopita, na uangalie kama jina la aina na idadi ya miche iliyokaguliwa vinafanana na vilivyo mbele yako. Hakikisha unaelewa daraja la unachouziwa. Mbegu hushuka kutoka kwa mtafiti kwenda mbegu mama, kisha mbegu za msingi, kisha zilizothibitishwa, na hatimaye za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo huzalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi na kuuzwa karibu na zilipozalishwa. Daraja la mwisho si baya kwa mkulima wa kawaida, ila lisiuzwe kwa bei na jina la daraja lililo juu yake.

Swali la tatu ni la mizunguko. Ncha moja ikigawanywa mara nyingi kupita kiasi, miche iliyogeuka maumbile huongezeka: mingine hudumaa, mingine huwa na majani membamba au yenye mabaka. Maabara makini huweka ukomo na kurudi kwa mama kuanza upya. Uliza wao wanaanza upya baada ya mizunguko mingapi, na uangalie uso wa anayejibu.

Baada ya maswali, tumia macho. Kitalu kisiwe chini ya migomba mikubwa wala kupakana nayo. Udongo wa viriba uwe umepashwa moto au kuchemshwa kwa mvuke, na uwe haukuchotwa kwenye kibanja cha zamani. Chagua kiriba kimoja bila mpangilio, kichane, na uoshe mizizi: iwe myeupe, mingi na isiyo na vifundo. Mche uliokomaa una urefu wa kama sentimita 30 na majani manne hadi sita mapana yenye kijani cha kutosha. Ule mrefu mwembamba uliolala upande umekaa kivulini muda mrefu mno, na jua la shambani litauunguza.

Ukiridhika, dai risiti yenye jina la aina, idadi, tarehe na jina la kitalu, kisha uihifadhi pamoja na hati ya shamba lako. Ikiwa miche inatoka nje ya nchi, kwa mfano maabara za Kenya au Uganda, ni lazima kiwepo kibali cha kuingiza kutoka TPHPA pamoja na cheti cha usafi wa mimea kutoka nchi inakotoka, na mzigo ukaguliwe mpakani, iwe Namanga, Sirari au Mutukula. Machipukizi yaliyopitishwa kwenye njia za panya usiku hayana ukoo wowote, hata aliyeyaleta akiwa ndugu yako.

Hatua ya tano: kusafirisha na kupanda

Safirisha asubuhi au jioni, miche ikiwa imesimama, na gari liwe limeoshwa udongo na mabaki ya mikungu. Ikifika, iweke kivulini siku chache huku ukiimwagilia. Mashimo yawe tayari majuma kadhaa kabla, ya sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukiwa umechanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri. Chana kiriba bila kuvunja bonge la udongo, panda mche uzame kidogo kuliko ulivyokuwa kitaluni, na weka matandazo yasiyogusa shina. Matandazo ya majani ya migomba yasitoke kwenye shamba lenye ugonjwa.

Miezi mitano ya mwanzo ndiyo inayoamua. Mche wa chupa hauna tunguu kubwa la akiba kama chipukizi, kwa hiyo ukikosa maji wiki mbili mfululizo hudumaa na hautarudia nguvu zake zote. Asiye na uhakika wa maji apande mvua zinapoanza, si zinapokwisha.

Tangu siku hiyo shamba jipya liwe na panga lake. Kama panga ni moja, lipitishwe kwenye moto mpaka liwe la moto sana, au lichovywe katika mchanganyiko wa kikombe kimoja cha Jiki na vikombe vitano vya maji, kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Vibarua huona jambo hili linawachelewesha; walipe kwa siku badala ya kwa idadi ya mashina, na utaona wanalifuata. Mkungu ukishatoa kichane cha mwisho, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda bila kutumia kisu, ili wadudu wasipate pa kutua.

Hatua ya sita: kikundi kizalishe miche yake

Kata inayotegemea kitalu cha mbali itarudi kwenye machipukizi ya jirani mara tu fedha zikiisha, na hiyo ndiyo sababu naona kikundi cha kijiji chenye kitalu chake ni jibu la kudumu kuliko mgawo. Njia inayowezekana bila maabara ni ya kutumia tunguu. Chukueni machipukizi ya sime, yaani yale yenye majani membamba kama sime, kutoka kwenye migomba mama michache iliyonunuliwa kwa ukoo unaojulikana na kutunzwa peke yake. Yaosheni, yapareni mpaka nyama nyeupe itokee pande zote, kisha yachovyeni kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hesabuni kwa simu, si kwa kukadiria, na subirini maji yachemke tena kabla ya kuchovya jingine. Muda huo huua minyoo na mayai ya fukusi karibu na ngozi bila kuipika nyama ya ndani.

Kateni ncha ya ukuaji kwa alama ya msalaba, mpande matunguu kwenye maranda ya mbao yaliyochemshwa, ndani ya kibanda kidogo kilichofunikwa nailoni angavu ili unyevu ubaki. Baada ya wiki tatu au nne vichipukizi huanza kutokeza kuzunguka tunguu. Vikifikia majani mawili au matatu huvunjwa na kuhamishiwa kwenye viriba. Tunguu moja linaweza kutoa miche 20 au zaidi. Lakini narudia kwa mkazo: maji ya moto hayatibu mnyauko wa bakteria wala virusi, na kibanda hiki kitazalisha ugonjwa kwa kasi ileile kinayozalisha miche iwapo mama ni mgonjwa. Kabla ya kuuza hata mche mmoja, kikundi kiombe usajili na ukaguzi wa TOSCI kupitia halmashauri.

Kuhusu mtaji, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, msajili kikundi, mfungue akaunti, na mpeleke andiko lenye hesabu za kweli: gharama ya kibanda, viriba, maranda na migomba mama, idadi ya miche kwa msimu, na orodha ya wanunuzi waliokwisha kuandika majina. Andiko lenye barua ya afisa kilimo inayothibitisha chanzo cha migomba mama huonekana tofauti kabisa na lile linaloomba fedha kwa ajili ya "kilimo cha ndizi".

Kwa wenye michungwa na miparachichi

Kwenye miti ya kubebesha, mche una wazazi wawili, na wote wahojiwe: mche shina, unaobaki na mizizi, na kikonyo, kijiti kinachobebeshwa juu yake. Muheza na wilaya nyingine za machungwa zinatishwa na ugonjwa wa bakteria unaoyafanya majani kuwa na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za mshipa, na matunda kubaki madogo, yaliyopinda na machungu. Huenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani machanga, na pia kwa vikonyo, hivyo ugonjwa wa mti mmoja anaochumia vikonyo fundi wa kubebesha unaweza kuingia kwenye mashamba kumi. Mabaka hayo hufanana na upungufu wa zinki. Tofauti ni kwamba upungufu huonekana sawia pande zote mbili za jani. Dai kujua mti mama wa vikonyo, na epuka mche shina wa mdanzi pale virusi vya tristeza vilipo, kwa kuwa mti huweza kufa ghafla.

Kwa parachichi, adui mkuu wa kitaluni ni uozo wa mizizi unaoenea kwa udongo na maji yanayotuama. Viriba viwekwe juu ya kichanja au changarawe, visikae chini, na mbegu za mche shina zisiokotwe kwenye udongo chini ya miti.

Ukiona dalili baada ya kupanda

Usikate na kutupa njiani, wala usipeleke jani mkononi sokoni ili watu walitazame. Funga shina kwa kamba ya rangi, zuia watoto na mifugo, piga picha ya mgomba mzima, ya jani na ya shina lililokatwa, kisha umwite afisa ugani siku hiyohiyo. Iwapo ni mnyauko wa bakteria kwenye shina moja au mawili, kata shina lililougua usawa wa ardhi kwa panga lililosafishwa, ulisafishe tena, na ukague shina hilo na majirani zake kila wiki. Iwapo majani yamebanana kileleni, ua vidukari kwanza kwa kiuatilifu kilichosajiliwa ambacho afisa atakielekeza, ndipo ung'oe, kwa sababu ukianza kwa kung'oa wataruka au kubebwa hadi mgomba wa pili. Mpe afisa nakala ya ile risiti ya kitalu, ili TOSCI waweze kurudi nyuma hadi kwa mama na kuwaonya wengine walionunua kundi hilohilo la miche.